Mstari Alioruka Mwenda

Nakumbuka jioni moja ya msimu wa kahawa, mwanangu, tukiwa jikoni kwa mama yangu hapa Githongo. Kaka yangu Mwenda alikuwa anatusomea Biblia, akaruka mstari mmoja. Mmoja tu. Hakuna aliyesema neno. Tuliomba, tukala, kila mtu akaenda kulala kwake. Lakini mstari ule ulitutikisa nyumba nzima, na mimi nilitikiswa mara mbili. Mara ya pili ndiyo iliyoniuma zaidi.

Wakati ule nilikuwa nimerudi nyumbani na watoto wawili. Nilikuwa nimeolewa Kanja, upande wa Embu, na mwanamume niliyempenda mimi ambaye baba yangu hakumpenda. Baba alikuwa ameniambia, "Kathure, kijana huyu ana maneno mengi kuliko kazi." Sikusikia. Ukiwa msichana na moyo umekwisha kuondoka, masikio nayo huufuata. Nikaenda bila baraka ya baba yangu, na miaka michache baadaye mume wangu akaleta mwanamke mwingine, akaniambia nyumba ni ndogo. Nilimfunga mtoto mdogo mgongoni, nikamshika mkubwa mkono, nikarudi hapa kwetu Meru.

Baba hakunifukuza. Hakunikaribisha pia. Aliwatazama watoto kwa muda, akamwambia Mama, "Wape uji," kisha akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Kwa muda mrefu hayo ndiyo yaliyokuwa mapokezi yangu.

Lazima umjue baba yangu ndipo unielewe. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Alijifunza kusoma akiwa na ndevu, katika madarasa ya gumbaru, na kitabu cha kwanza alichokimaliza kilikuwa Biblia ya Kimeru. Tangu hapo alikuwa na desturi moja. Alisoma kutoka mwanzo mpaka mwisho, sura moja kila jioni, bila kuchagua. Akifika mwisho anarudi mwanzo. Hata zile sura za majina matupu, fulani akamzaa fulani, alizisoma. Sisi watoto tulikuwa tunasinzia, yeye anasonga mbele. Aliwahi kutuambia, "Ukichagua wewe, utachagua unachokipenda. Acha kitabu kikuchagulie."

Ila sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, ule ugonjwa wa mtoto wa jicho. Maandishi hakuyaona tena. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya chakula kuiva, Mwenda alimsomea, naye Baba akikaa kwenye kigoda chake karibu na moto, midomo yake ikicheza polepole bila sauti. Alikuwa anafuata. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na moyo wa mzee yule ulikuwa unasoma bado.

Na Mwenda pia umjue, mwanangu, maana hadithi ya upande mmoja ni nusu ya uongo. Mwenda ndiye kifungua mimba kwetu. Aliacha shule akiwa darasa la saba ili karo iliyokuwepo inisomeshe mimi, kwa sababu walimu walisema nina kichwa. Mimi nikasoma mpaka kidato cha nne. Yeye akashika jembe. Ile mikahawa yote ya mteremkoni, yeye ndiye aliyeipogoa, akaipalilia, akabeba magunia mpaka kiwandani kwa mgongo wake. Alipooa Nkatha, alimwambia kwamba sehemu ya chini, karibu na mto, atajenga boma la ng'ombe na kupanda nyasi za nepia za kuwalisha. Kila mtu alijua hivyo. Ilibaki tu kahawa iishe, wazee wa ukoo waje, Baba aonyeshe mipaka mbele yao.

Halafu mimi nikatokea na watoto wawili.

Hakunichukia, hapana. Aliwanunulia watoto wangu viatu. Lakini kila mazungumzo yalipokaribia shamba, alikuwa na neno lake tayari. "Kathure ana kwake," alikuwa anasema. "Alichounganisha Mungu, sisi ni nani wa kukitenganisha? Arudi Kanja akapatane na mume wake."

Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa. Lilikuwa Neno la Mungu, nani angelipinga? Mimi nilikuwa nakaa hapo nikimenya ndizi, nikijua kwamba neno lile ni la kweli, na kwamba kinywani mwa kaka yangu limekuwa komeo la kunifungia mlango. Mbona hakumpelekea mume wangu neno hilohilo? Kanja si mbali. Mwamba ngoma, mwanangu, ngozi huivutia kwake.

Basi mwezi ule tulikuwa tunasoma kitabu cha Ayubu. Ni kitabu kirefu, na mateso yake mengi, na wale marafiki wanaozungumza bila kuchoka. Jioni ninayokuambia tulifika sura ya mwisho. Mama alikuwa anakoroga mboga. Nkatha alikuwa ameketi nyuma ya mume wake, ananyonyesha. Mwenda akasoma jinsi Mungu alivyomrudishia Ayubu mali, kondoo, ngamia, ng'ombe, na watoto, wana saba na binti watatu. Akasoma majina ya wale binti. Hapo akasita kidogo, kama mtu aliyepaliwa na mate yake, kisha akaendelea: Ayubu akaishi miaka mingi, akaona wajukuu, akafa amejaa siku.

"Amina," akasema, akafunga kitabu.

Mimi nilikuwa nikimtazama Baba. Mwenda alipokuwa amekwisha kufika kwenye miaka ya Ayubu, midomo ya Baba ilikuwa bado nyuma, inamalizia kitu ambacho hakikusomwa. Kisha ikasimama. Uso wake ukageukia upande wa moto.

"Amina," akasema naye.

Asubuhi, Mwenda alipokwenda shambani, niliichukua ile Biblia nikafungua. Nikaukuta. Umeandikwa pale wazi, kwamba katika nchi ile hapakuonekana wanawake wazuri kama binti za Ayubu, na kwamba baba yao akawapa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume.

Nilikaa na kitabu mapajani mpaka Mama akaniita mara mbili. Kumbe ndivyo. Nilitaka kukimbia nacho mpaka mteremkoni nikamwonyeshe Mwenda. Lakini Baba mwenyewe alisikia akanyamaza. Kama baba amenyamaza, binti aliyeondoka bila baraka ataanzia wapi kusema? Nikakirudisha mahali pake.

Zikapita siku. Tukaanza Zaburi. Baba akawa mtu mwingine. Chakula anakigusa anakiacha. Akiulizwa kama anaumwa, anasema haumwi. Jumapili ya meza ya Bwana, wazee wenzake walipoinuka kwenda mbele, yeye alibaki kwenye benchi, mikono juu ya fimbo yake. Kanisa zima liliona. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, Mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba yako hana ugonjwa wa mwili. Kuna jambo anashindana nalo."

Jioni ya kuamkia siku ya wazee wa ukoo kuja, tulikusanyika jikoni kama kawaida. Mwenda akafungua Zaburi. Baba akainua mkono.

"Ngoja. Ayubu hatujamaliza."

"Tulimaliza, Baba. Siku nyingi."

"Rudi sura ya mwisho. Soma polepole."

Mwenda akasoma. Sauti yake ilianza vizuri. Akasoma ng'ombe, akasoma ngamia, akasoma wana na binti. Akafika kwenye majina, akanyamaza. Nkatha akainua macho amtazame mume wake, hajui kuna nini. Kisha Mwenda akausoma ule mstari, neno kwa neno, na paji lake likatoka jasho kwa moto au kwa haya, sijui.

"Siku ile uliuruka," Baba akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Kwa nini?"

Kaka yangu hakuwa mwongo. Alijibu akiwa ameinamisha kichwa. "Niliogopa. Shamba ni dogo. Nimelifanyia kazi tangu nikiwa mtoto. Na tena, Baba, hiyo si amri. Ni habari tu ya mambo aliyofanya Ayubu. Hakuna mahali Mungu amesema kila mtu afanye hivyo."

"Ni kweli," Baba akasema. "Si amri. Hata mimi nilijiambia hivyo. Nimejiambia hivyo kila siku tangu jioni ile. Mwenda, sikukasirika uliporuka. Hilo ndilo lililoninyima amani. Nilipokusikia umeruka, nilishukuru. Nilisema moyoni, afadhali, sasa sitalazimika kuujibu mstari ule. Halafu nikajiuliza, mimi mzee niliyesoma kitabu hiki mara nyingi namna hii, tangu lini nimeanza kushukuru kisiposomwa? Kama ni kitu kidogo, mbona mwanangu alikiogopa? Na mimi mbona nilifurahi?"

Baba akageuza uso kunitafuta, ingawa aliona kivuli tu.

"Kathure, nilikukasirikia ulipoondoka. Uliporudi, hasira ilikuwa bado ipo, nami niliivalisha nguo za Maandiko. Mwenda aliposema urudi kwa mume wako, niliitikia, lakini si kwa sababu ya Mungu. Nilitaka ujue kwamba nilikuwa nimekuonya." Akavuta pumzi. "Kesho nitakuonyesha sehemu ya chini, karibu na mto."

Nililia, mwanangu. Nkatha naye alilia, kwa sababu yake mwenyewe, maana hapo ndipo alipoahidiwa boma la ng'ombe. Mwenda alifunga kitabu taratibu, akakiweka mahali pake, akatoka nje bila kula. Kesho yake wazee walipokuja, wawili kati yao walipinga sana, wakasema mambo kama haya huharibu ukoo. Baba aliwasikiliza mpaka wakaishiwa. Kisha akawaambia, "Nimewasikia," akaendelea kutembea na fimbo yake, akionyesha mpaka. Hakumtaja Mwenda wala mstari wake. Aibu ya mwanawe aliiacha jikoni.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Watu wengi wangependa iishie hapo, hata mimi. Lakini sikukuitia hiyo tu.

Nilipopata shamba, nilipata na mstari. Niliukariri. Nilikuwa nausema nikipalilia, nausema nikipanga foleni ya mizani kule kiwandani, na nilihakikisha Nkatha yuko karibu anasikia. Siku ya ibada ya akina mama niliombwa nitoe ushuhuda. Nikasimama na Biblia, nikausoma mstari wangu kwa sauti ya kengele, kisha nikaongeza kwamba kuna watu walijaribu kulificha Neno la Mungu, lakini Neno halifichiki. Sikutaja jina. Lakini nilimtazama Nkatha mpaka akainamisha kichwa. Wanawake wakapiga makofi na kuimba. Jumapili iliyofuata yeye na Mwenda hawakuja kanisani, wala ile ya pili.

Halafu kulikuwa na kinjia. Kilipita katikati ya sehemu yangu kikashuka mtoni. Ng'ombe wa Mwenda walinyweshwa kwa kinjia hicho tangu zamani, na Nkatha aliteka maji kwa hicho hicho. Nilikata matawi ya miiba nikakiziba juu na chini. Mama aliponiuliza, nilimjibu kwamba Biblia yenyewe inasema mpaka usiondolewe. Unaona? Nilikuwa nimeanza kuwa na mstari kwa kila jambo. Nkatha akawa anazunguka njia ya mbali, kupitia kwa majirani, mtungi mgongoni na mtoto kifuani. Nilikuwa namwona kutoka shambani kwangu. Namshukuru Mungu kwamba nalikumbuka hilo bado, maana ningelisahau ningekuwa nimepona vibaya.

Asubuhi moja nilikuwa nachuma kahawa, nikaona Baba anashuka mteremko peke yake, anapapasa kwa fimbo. Alikuwa amekuja kupitia kinjia, na miiba ilikuwa imemchana mguu. Nilikimbia nikamshika, nikamkalisha kwenye jiwe, nikampangusa damu kwa kanga yangu.

"Baba, mbona hukuniita?"

"Nilitaka kuona ulichojenga," akasema. "Nimekiona."

Akaniuliza, "Kathure, Mungu alimrudishia Ayubu mali yake lini?"

"Mwishoni. Baada ya mateso kuisha."

"Lini hasa?"

Sikujua. Akaniambia niende nyumbani nikalete kitabu. Nikapanda, nikarudi nacho, nikafungua ile sura niliyodhani ni yangu. Akaniambia nisome kuanzia juu. Na hapo, mistari michache tu kabla ya mstari wangu, nikakuta kwamba Bwana alimgeuzia Ayubu hali yake alipowaombea rafiki zake. Rafiki zake wale wale, mwanangu, waliokaa naye katika mateso yake wakamwambia ni makosa yake mwenyewe. Aliwaombea kabla ya kondoo na ngamia, na kabla ya binti na urithi wao.

"Umewahi kuusoma huo?" Baba akauliza.

"Nimeupita nikienda kutafuta wangu."

Alitikisa kichwa. Hakupaza sauti, hakuwahi kunipazia sauti maishani mwake, na siku ile natamani angepaza.

"Mwenda aliruka mstari mmoja," akasema. "Wewe umeruka kitabu kizima ukaacha mmoja."

Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na la kusema, kwamba mimi ndiye niliyedhulumiwa, kwamba mstari ulikuwa upande wangu. Nilipofungua kinywa, yeye akawa ameshajua.

"Haki ilikuwa yako," akasema. "Ndiyo maana nilikupa. Lakini Neno halikukupa ardhi ili ulichukue likawe fimbo ya kumpigia ndugu yako. Mimi nililitumia kuficha hasira. Mwenda alilitumia kulinda shamba. Sasa wewe unalitumia kulipiza kisasi. Sote watatu tumelituma kazi zetu. Nani kati yetu ametumwa nalo?"

Kisha akaniomba nimsaidie kusimama. Alikuwa amemaliza. Nilimpeleka mpaka kwake, nikarudi nikaketi kwenye lile jiwe, kikapu cha kahawa kikiwa nusu.

Usifikiri kwamba niliinuka papo hapo nikaitoa miiba. Hapana. Kuna watu wanaosimulia toba kama mtu anayezima taa. Mimi nilikuwa na moyo mgumu. Nilianza kwa kumwombea Mwenda, kwa sababu Ayubu aliwaombea wenzake, na maombi yenyewe yalikuwa kama kutafuna mchanga. Nilikuwa nasema, "Bwana, mbariki kaka yangu," na moyo unaongeza chinichini, lakini si sana. Nikaendelea hivyo hivyo. Kuna siku, sijui ni ipi, nilijikuta namwombea na ninamwona akiwa kijana wa darasa la saba, ametoka shuleni mara ya mwisho, amekunja sare yake vizuri akampa Mama aiweke. Sikuwa nimemwona hivyo tangu zamani. Nililia kwa ajili yake, kwa mara ya kwanza.

Siku iliyofuata nilichukua panga nikaanza kufungua kinjia kutoka juu. Kazi ile si ya mtu mmoja. Miiba ikishakauka inashikana. Nilipofika katikati nilisikia panga lingine likikata kutoka upande wa mto. Alikuwa Nkatha. Mtoto alikuwa amemlaza kwenye nyasi, mtungi umewekwa pembeni. Tulikata kila mmoja kutoka upande wake bila kusemezana, mpaka tukakutana. Nikamwambia, "Nkatha, nilikukosea kule kanisani." Akajifuta jasho. "Ulinikosea," akasema. "Mimi hata sikujua kwamba aliruka." Kisha akaokota mtungi wake akapita.

Mwenda alikawia. Alirudi kanisani, ila alikaa mbali. Ng'ombe wake walipita kwangu na yeye mwenyewe akipita ananisalimu kama unavyomsalimu mtu wa kijiji cha pili. Hakuwahi kuniambia, "Nisamehe," nami sikumdai. Lakini mwaka ambao binti yangu mkubwa aliolewa, walipokuja watu wa upande wa kiume na hapakuwa na baba wa kuketi mbele, Mwenda alivaa koti lake, akaja, akaketi kiti cha baba bila kuombwa. Aliongea vizuri. Aliwaambia wageni, "Huyu ni mtoto wetu, na hapa ndipo kwao." Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chapati mikononi, nikashindwa kusonga mbele.

Sasa yeye ni mzee na mimi ni mzee. Baba na Mama wamelala kule juu, na Nkatha amewafuata. Mwenda na mimi tunakunywa chai pamoja siku nyingi, tunalalamikia magoti. Najua kuna sehemu ya moyo wake inayoona kwamba alipoteza, na pengine alipoteza kweli. Haki haimfurahishi kila mtu. Jioni ile ya Ayubu hatujawahi kuizungumza hata mara moja.

Nimekusimulia haya, mwanangu, kwa sababu ninyi vijana mna Biblia kwenye simu. Si vibaya, hata mimi mjukuu wangu ameniwekea, na ananikuzia maandishi. Lakini naona mnavyofanya. Unataka kuacha kumsaidia mzazi, unaandika neno moja, mstari unatokea. Unataka kumnyamazisha mke wako, mstari unatokea. Umemkasirikia mchungaji, jirani, ndugu yako, mistari inatokea kwa wingi, na wewe unaichagua kama mtu anayechagua mawe ya kurusha. Halafu unasema, Mungu amesema. Pengine amesema kweli. Swali ni kama alikuwa anasema na wewe, au ulimsikiliza kwa ajili ya jirani yako.

Nasaha yangu ni hii. Soma Neno lote, hata zile kurasa zisizokusifu. Ukiupata mstari unaokufurahisha sana, usikimbie nao. Kaa hapo, soma ulio juu yake na ulio chini yake. Na kila mara jiulize, ni lini mara ya mwisho kitabu hiki kilinikataza kitu nilichokitaka? Kama hukumbuki, basi labda si wewe unayekisoma. Ni tamaa zako zinazokisoma kwa sauti yako. Neno likikufikia kweli, utalijua kwa kazi litakayokupa: utajikuta umeinuka kwenda kwa mtu uliyekuwa unamkwepa, umeachilia ulichokuwa umekishika, umefungua njia uliyokuwa umeiziba. Na ukiwa na haki, mwanangu, hapo ndipo uwe mwangalifu zaidi. Mtu mwenye makosa akilipinda Neno, moyo wake humshtaki. Mtu mwenye haki akilipinda, hupigiwa makofi.

Usingoje ulielewe lote ndipo ulitii. Baba yangu alitii mstari mmoja ambao hata haukuwa amri, akiwa kipofu, mbele ya wazee waliompinga, na nyumba hii unayoiona imesimama juu ya utii ule. Watoto wangu walikulia hapa. Wajukuu wa Mwenda na wajukuu wangu wanashuka mtoni pamoja.

Nenda sasa, mwanangu. Bwana akupe masikio ya kusikia usichokipenda, na miguu ya kukitenda kabla moyo haujapata sababu. Neno lake likukate mahali panapohitaji kukatwa, na likufunge jeraha kwa mkono ule ule. Ukikosea, akupe mtu wa kukuambia bila kupaza sauti. Na nyumba yako, popote utakapoijenga, isikose mgeni, isikose moto, isikose amani kati ya ndugu. Amina.